Tambiko Mbele ya Picha

Neema mjukuu wangu,

Salamu kutoka Ipogolo. Bibi yako mzima. Mimi kifua hakinipi muda, ndiyo maana nakujibu leo. Unauliza maana ya ile picha ya vita, yenye farasi anayelia na mama aliyebeba mtoto mfu, maumbo yote yamepindapinda.

Miaka ya hamsini nilipewa nakala yake shuleni, nikamwonyesha baba, aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Akacheka. "Mchoraji alikunywa nini?"

Kisha akamwona yule mama. Yeye, mzee wa kanisa na mpinga matambiko, akamwaga chini kikombe chake cha ulanzi, ile pombe ya mianzi.

"Baba, unamtambikia nani?"

"Mtoto. Mama kama huyu nilimwacha Burma. Risasi ilikuwa yangu."

Nimelificha hilo hadi leo. Maana nyingine siijui.

Babu yako