Dada Daktari, Ulikubali Kupima Upya

Dada yangu daktari,

Shikamoo. Najua kwa umri nimekuzidi, ila kwa shule mimi niliishia la nne, kwa hiyo wewe itikia tu.

Nesi mmoja hapa Kigoma kaniambia siku hizi wewe ni bingwa wa vichanga mahututi, na madaktari wenzio wanasafiri kuja kusikiliza utafiti wako. Nikacheka peke yangu pale Katonga, sokoni kwetu kwa dagaa. Nikaukumbuka mwaka ule wa wakimbizi wa Burundi, meli inawashusha kutoka Kagunga, wodi imejaa mpaka sakafuni. Wewe ndo kwanza umetoka chuo, macho mekundu kama umetoka kuvua. Na sisi na njiti wetu, Tunu, urefu wa samaki mgebuka.

Asubuhi moja ulimpima ukafurahi.

"Baba Tunu, mtoto kapanda uzito! Kesho mnaenda nyumbani."

Kitanda kilikuwa kinasubiriwa. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa chini kwenye mkeka na kichanga chake.

Nikakwambia, "Dada, hiyo kilo ina maji."

"Maji gani?"

"Kitenge kimelowa mkojo. Mimi nauza dagaa. Nikitaka kilo ipande nawanyunyizia maji. Huo mchezo naujua."

Nesi wa zamu akanikaripia, "Wee baba, hapa siyo mwaloni!"

Ukamvua kitenge, ukampima mtupu. Kumbe mtoto anapungua.

Hukuturuhusu. Ulimwekea mpira wa kulishia puani, ukamfundisha mke wangu kukamua maziwa. Yeye na yule mama wa Kirundi wakalala mzungu wa nne kitanda kimoja. Halafu ukapita kwa vichanga wote, unawapima upya bila nguo, unaandika kwenye daftari. Yule nesi aliyenipa habari zako anasema utafiti wako wa kwanza ulianzia humo.

Dada, ungeweza kuniambia nifunge mdomo. Wasomi wengi wameniambia, na mara nyingine nilistahili. Wewe ulikubali kukosolewa na muuza dagaa mbele ya wodi nzima. Tungeondoka kesho yake, ningekuwa nimezika. Ahsante sana, dada.

Wakati ule Tunu alikuwa hata kulia hawezi, anafungua mdomo tu. Sasa hivi kelele zake majirani wanakuja kulalamika. Nawaambia mwacheni, hiyo sauti niliisubiri wiki tatu.

Baki salama huko uliko, na ulale kidogo.

Kaka yako wa Katonga,
Baba Tunu