Nimehama Tamaro, na Sikumwambia Papa Bosenge

Kisangani, Jumapili, saa tisa mchana. Mvua iliyoanza baada ya misa ya pili imekatika sasa hivi. Nimekaa barazani na matope mpaka magotini, na nguo za kanisa bado ziko mwilini. Sina nguvu ya kubadilisha chochote.

Naona haya.

Sijaandika hapa wiki tatu, na baadhi yenu mmeuliza kama ninaumwa. Bon, siumwi. Nilikuwa nawakwepa. Blogu hii ina miaka saba, na kwa miaka yote hiyo nimeijaza jina moja la pikipiki: Tamaro. Mnanijua. Mimi ndiye Kahindo anayepeleka taa za sola kwenye maduka ya msituni, Ubundu, Bafwasende, kule ambako lori likizama linakaa wiki nzima, na ninaenda juu ya Tamaro kuukuu ambayo watu wa soko wanaiita Koba, yaani kobe. Mimi ndiye niliyeandika kwamba Velka ni pikipiki ya watu wa kupiga picha. Niliandika pia kwamba siku mtakayoniona juu ya Velka, mjue kichwa changu hakiko sawa. Msomaji mmoja wa Buta alithubutu kusifu breki za Velka, nikamjibu kwa aya tatu ambazo hazikuwa na adabu hata kidogo.

Nina Velka. Leo ina siku kumi na moja. Ni ya buluu.

Ningeweza kuandika kwamba ni kazi iliyonilazimisha, na mngeniamini. Ukweli ni mdogo kuliko hapo. Mwezi uliopita nilikwama kwenye barabara ya Ubundu. Nilipiga kiki mpaka mguu ukatetemeka, Tamaro ikakohoa tu, ikanyamaza. Wakapita wasafiri wawili juu ya Velka, mwanamume na mwanamke. Yule mwanamke alisimama, akaniuliza kwa heshima, «Mama, tukusaidie?» Nikamjibu kwamba napumzika. Napumzika, katikati ya tope! Akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, mashine ikawaka palepale, akaenda zake. Nilimwonea wivu mpaka mate yakawa machungu. Nina miaka arobaini na tatu na goti la kulia linaniuma kila asubuhi. Basi ni hayo tu, wivu na goti.

Mtu kubadilisha marque, aina ya pikipiki, si dhambi. Ningekuwa nimefanya hivyo tu, leo ningewaomba radhi kwa domo langu, tungecheka, yakaisha.

Sasa niseme ya Papa Bosenge.

Ni fundi wangu wa moto, yaani pikipiki, kule Mangobo. Ni mtu wa mto, wazazi wake ni wavuvi wa Yanonge, lakini yeye samaki alimshinda, akashika mashine. Nilipofika hapa kutoka Butembo, mafundi wengine walikuwa wanaongea na kaka yangu wakati pikipiki ni yangu. Papa Bosenge peke yake alinigeukia mimi, akauliza, «Weye unasikia inalia wapi?» Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Alinifundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Alinifundisha kuosha vyuma kwa esanse, yaani petroli, bila kujichubua mikono, na kukata gasketi kwenye katoni ya viatu nikiwa porini. Yote niliyowaandikia hapa kwa kujiamini, mkaniita mtaalamu, yalitoka kwake. Naye mwenyewe anaendesha Tamaro, ya mwaka mmoja na yangu. Tulizoea kusema ni mapacha.

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea yangu. Vitesi ya tatu, yaani giya, ilikuwa inaruka kila nikipanda kilima. Akafungua, akanionyesha meno ya giya yalivyolika, akasema vyuma hivyo havipatikani tena, lakini nimwachie atafute. Nikamwachia. Siku chache baadaye binamu yangu wa Butembo akanipigia simu kwamba kuna Velka, iko safi, na lori linashuka Kisangani wiki ileile.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Baada ya hapo ndipo ningepaswa kwenda Mangobo. Ni dakika kumi na tano. Lakini ningemwambia nini? Yeye yuko pale anahangaika na mashine yangu kutwa, na mimi nifike kumwambia nimepata nyingine. Ni kama mtu amekupikia, unakuja kumwambia umeshakula kwa jirani. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Alipokuwa anapiga simu kuniambia bado anatafuta, nilikuwa najibu kwa sauti laini, «Hakuna haraka, papa,» na Velka iko nyuma yangu ukutani, imepakwa nta.

Njia fupi ya kwenda depo yangu inapita mbele ya gereji yake. Kwa siku kumi nimekuwa nazunguka nyuma ya soko, kwenye madimbwi, mwanamke mzima najificha kama nimeiba. Mara moja tu, siku ya Jumatano, nilikuwa nimechelewa, nikapita avenue yake kwa kasi na kioo cha helmeti chini. Nilijiambia hakuna aliyeniona.

Juzi Ijumaa marafiki walidai arrosage. Kwetu hapa kitu kipya hakitembei hivi hivi. Lazima ununue chupa, moja inamwagwa kwenye gurudumu, zingine watu wanakunywa na kukutakia safari njema. Tulikutana jioni kwenye nganda moja, baa ya hapa Makiso, watu kumi na wawili, tukala lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma. Mmoja akauliza mbona Papa Bosenge hayuko. Nikasema ana kazi nyingi.

Hilo halikuwa uongo. Kazi nyingi aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwangu.

Jana asubuhi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri na hajali. «Mutoto yangu, iko tayari. Kuja.» Nikaenda. Sasa sikieni nilivyoenda: mimi mwenye pikipiki nzima uani, nilipanda ya taximan, ili asinione nimefika na Velka. Njiani nilikuwa nimejipanga. Nilijiambia namshukuru kwanza, halafu namwambia.

Tamaro ilikuwa katikati ya uwanja, imeoshwa mpaka chini ya tangi. Akaniambia nipande nizunguke. Nikazunguka hadi kwenye kona na kurudi. Vitesi ya tatu iliingia kama kisu kwenye siagi, na naapa haijawahi kwenda vizuri hivyo tangu nilipoinunua. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama kwenye ukuta wanatazama. Nikashuka nikicheka kweli, nikamuuliza meno ameyapata wapi.

Alionyesha kwa kidevu. Pale kwenye pembe, chini ya plastiki, ilisimama Tamaro yake mwenyewe. Injini yake ilikuwa wazi, tupu katikati.

«Nilitoa mle,» akasema. «Weye unaendaka mbali, pori yote ile peke yako. Mimi naendaka tu Yanonge kuona mama. Nitapanda baleinière, haina shida.»

Kicheko kikanikaukia mdomoni. Mama yake ni mzee, hatoki tena nyumbani. Papa Bosenge anaenda kumwona kila baada ya wiki mbili, na baleinière, ile mashua ya mtoni, inaondoka siku inayotaka yenyewe. Nilijua hayo yote. Hapo ndipo ningesema. Hata kwa kulia ningesema. Lakini yeye aliendelea, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale wa ukutani.

«Watu wa hapa wanasema walikuona Jumatano juu ya moto ingine, ya mupya. Niliwaambia hapana. Kahindo akipata moto, mutu wa kwanza atamwambia ni mimi.»

Wale majirani walinitazama. Naye akanitazama, akisubiri tu nithibitishe, kama mtu anayesubiri chenji ambayo anajua iko.

Nikasema, «Ilikuwa ya kaka yangu, papa.»

Ilinitoka haraka, na bila kigugumizi. Akapiga mikono, akawageukia wale, «Munaona?» Mmoja akacheka, akaondoka. Papa Bosenge akanipa ufunguo wangu kwa mikono miwili.

Kaka yangu Muhindo anauza vitenge soko kuu. Haendeshi hata baiskeli. Aliwahi kuanguka akiwa mtoto, mpaka leo akipanda teksi pikipiki anafumba macho. Soko zima linajua.

Nilirudi nyumbani juu ya Tamaro, na kila ilipoingia vitesi ya tatu nilisikia roho inanisuta. Nikaiegesha karibu na Velka. Sikuweza kula. Mume wangu aliuliza kama nimetapeliwa sokoni. Nikamwambia mimi ndiye tapeli, akadhani natania.

Leo misa sikuisikia. Padri alisema sijui nini, watu wakaimba, nikasimama walipokaa. Nilipotoka nikapanda Velka, na mvua ikaanza, na nikaenda Mangobo moja kwa moja kwa njia fupi, na helmeti nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa makusudi ili kila mtu aone uso wangu. 

Alikuwa amekaa chini ya bati la gereji na shati lake jeupe la ibada. Aliponiona hakuinuka haraka. Nikasimamisha, nikataka kuzima, akanyoosha mkono kwamba niache. Akaja, akainama kwenye injini, akasikiliza, kama anavyofanya kwa mashine yoyote ya mtu yeyote. Alisikiliza muda mrefu.

«Iko muzuri,» akasema. Akanyanyuka. «Ni ya nani?»

«Ni yangu, papa. Ina siku kumi na moja.»

Akatikisa kichwa taratibu. Akauliza, «Na kaka yako?»

«Hana pikipiki.»

Mvua ilikuwa inapiga lile bati, na kwa muda nilitumaini hakunisikia. Alinisikia. Aliangalia ile avenue, nyumba za wale majirani, halafu akasema polepole, bila hasira, «Moto, ningeelewa.»

Basi.  Afadhali angenitukana.

Nikaanza kusema ovyo ovyo. Nikamwambia aichukue Tamaro yangu, yote, na vyuma vyake na makaratasi yake, kwamba ni zawadi. Nilipokuwa nasema nilijisikia mwenyewe ninavyonuka. Nilikuwa namwachia mzigo wangu na kuuita zawadi. Naye alijua, maana alinijibu kama mtu anayejibu mteja, «Moto yangu ninayo. Kesho leta yako, nitoe meno yangu niyarudishe.» Akaingia ndani kwake kula. Kwa miaka yote sijawahi kufika pale saa ya chakula nisiitwe mezani. Leo mlango ulifungwa, nami nikabaki uwanjani na Velka yangu inayong'aa.

Nimeandika haya, na kidole kilikuwa tayari kuyatuma. Halafu nikakumbuka kwamba mtu akisoma hapa atanihurumia. Mtaniandikia kwamba nina ujasiri wa kukiri. Sina. Ni rahisi kukiri kwenu, maana hamkuwa pale ukutani. Papa Bosenge hasomi blogu, na wale majirani wake hawasomi. Wao jana walimwona mzee anaapa kwa jina langu, na leo, mvua ikinyesha, wameona Velka imesimama mbele ya gereji yake na mimi ndiye niliyeipanda. Wamepata cha kucheka mwezi mzima, na anayechekwa siyo mimi.

Kwa hiyo hii itakaa hapa bila kutumwa mpaka nitoke Mangobo.

Anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Nitaipeleka Tamaro mwenyewe, na nitavaa nguo za kazi. Akiniruhusu, nitaosha yale meno kwa esanse kama alivyonifundisha, na nitamshikia taa akiyarudisha kwenye yake. Asiponiruhusu, nitakaa kwenye benchi ya wateja mpaka amalize, halafu nirudi kwa miguu, maana Tamaro yangu haitatembea tena.

Lakini kabla ya kugonga kwake nitaanza kwa wale wa ukutani, nyumba moja moja. Nitawaambia kwamba pikipiki waliyoiona Jumatano ni yangu, na macho yao hayakukosea. Na kwamba Papa Bosenge hakuwadanganya. Nilimdanganya mimi, mbele yao, na yeye akaniamini.