Msomaji wa Blogu ya Hesabu

Jirani yangu Nachisale aliniuliza wiki iliyopita, "Mama Tadala, unamjua huyo mwanaume anayemwandikia mwanao kila jioni?"

Kila jioni, mwenzangu! Darasa lao lina blogu, watoto wanaandika humo walivyofanya hesabu. Tadala akiandika tu, anatokea mtu anajiita Msomaji wa Thyolo, wilaya yetu hii: "Hizo sehemu sijaelewa, nieleze tena." Nieleze tena! Mtu mzima haelewi nini kwa binti yangu?

Leo nimemchukua kaka yangu Kaliati, si ndiye mjomba wa Tadala na msimamizi wa familia yetu, tukaingia darasani. Njia nzima alikuwa anageuzageuza kofia yake mkononi. Nikamwambia mwalimu, "Nitajie huyo mtu, la sivyo mtoto haji tena shule."

Mwalimu eti hamjui, ila mtu huyo anaandika kwa adabu.

"Adabu gani ya kuficha jina?"

Kaliati akakohoa. "Dada, ni mimi. Mimi niliishia darasa la tatu. Tadala anaeleza vizuri."

Mungu anisamehe, darasa zima lilikuwa linasikia! Na mimi bado namwuliza, "Ni wewe? Kweli ni wewe?"

Akavaa kofia yake, akatoka.