Mtoto Kalala

Bibi yangu Tatu,

Shikamoo. Mwezi na nusu sasa tangu tukuzike, na bado nikisikia hodi ya mwenye uchungu wa kuzaa nageuka kukuita uchukue kanga zako.

Wiki ile ile uliyotutoka, Zuhura, mke wa yule kuli jirani yetu, alijifungua mtoto wa kike. Wewe ulikuwa ukimpakata mtoto mchanga mara moja tu unasema, "Huyu baba yake ana kazi," au "Huyu mama yake kashindia uji." Hukukosea hata siku moja. Basi nami nilimpakata huyu, nikajua. Meli zilikuwa hazijaingia wiki nyingi, mumewe anakwenda bandarini kila asubuhi na kurudi bila kazi, na Zuhura kaimaliza mimba kwa muhogo na chai kavu. Mtoto alikuwa mwepesi, Bibi, mwepesi mpaka nikaogopa. Maziwa hayakutoka ya kumtosha. Siku hiyo nilikulilia kwa hasira, kwa kuniachia mtoto kama huyu peke yangu.

Halafu nikaukumbuka ujanja wako. Nikakaa mlangoni, kila mgeni aliyekuja kumwona mtoto namtazama mikono kwanza. Hakuleta chakula cha mzazi? "Mtoto kalala." Kaleta samaki, nazi au kibaba cha mchele? "Pita mama, yuko macho."

Akaja Mwarabu wetu wa duka la pale kona, na hongera tupu. Nikamwambia mtoto kalala, na mtoto huku nyuma ya pazia analia mtaa mzima unamsikia. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe Bi Tatu bado yupo," akasema, akaenda akarudi na tende na kopo la samli.

Zuhura akala. Maziwa yakaja. Jana tumemtoa arobaini, mashavu yamejaa. Nilimbeba mpaka mkono ukachoka, nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Meli zimeanza kuingia moja moja, lakini mie sizingojei. Nakuahidi, madhali nina pumzi, mlango wa mzazi nitaukalia kama ulivyoukalia wewe.

Pumzika, Bibi. Na ukija ndotoni kumtazama mtoto, njoo mikono mitupu. Kwako wewe, yuko macho.

Mwanafunzi wako,
Mwajuma