Kwa Kinyozi Wetu, Aliyemwacha Shemeji Yake Nusu Kichwa

Ni mwaka mmoja sasa, mzee wangu, tangu mashine yako ya kunyolea ibaki kwenye msumari wake. Lakini kila tukikaa kula, lazima mmoja akuigize, tucheke mpaka chai ipoe.

Saratani ya tezi dume ulichelewa kuijua. Ilikuwa imeshafika mifupani. Dawa za mwanzo ziliposhindwa, daktari akakueleza dripu ya kingamwili, iliyokuwa bado kwenye majaribio. Inaitafuta seli yenye alama ya saratani, inaishika, na kuwaita askari wa mwili waje waimalize. Hakukuahidi kupona.

"Kumbe inafanya kama mimi," ukamwambia. "Nang'oa mvi moja moja, nyeusi sizigusi!"

Akacheka mpaka akavua miwani.

Dripu kila wiki ya tatu. Siku ya kwanza homa, nakukanda. Ya pili unadai chai ya sukari nyingi. Ya tatu uko kazini, na lile shati lako la mistari. Ikakupa mwaka na ushee wa kusimama nyuma ya kiti chako.

Hukuupoteza. Kila mwanamume wa makamo ulimnyoa upande mmoja, ukazima mashine. "Umeshapima tezi dume?" Akibabaika, hamalizwi.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote.

"Shemeji, maliza kichwa! Ya hospitali niachie mwenyewe."

"Kapime kwanza. Ukirudi nakumalizia bure."

"Basi nitakaa hivi hivi!"

Akavaa kofia mwezi mzima, hata mezani. Wajukuu wakamwita Nusu Kichwa. Mimi sikucheka, maana baba yetu aliondoka na ugonjwa huo huo.

Kumbe chini ya kofia ile alikuwa akienda hospitali kimyakimya, kipimo baada ya kipimo. Akaja kukuambia: uvimbe upo, ila mdogo, haujatoka kwenye tezi, unatibika. Ukammalizia nywele bure, kama ulivyoahidi.

Jumamosi iliyopita alikaa kwenye kiti chako. Mwanetu mkubwa akamnyoa upande mmoja, akazima mashine yake.

"Mjomba, kliniki umekwenda?"

"Jana! Wamesema niko safi. Washa hiyo mashine, umezidi kufanana na baba yako!"

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao watatu, wajukuu saba, na Nusu Kichwa, ambaye kofia yake ameitundika kando ya mashine yako.

Daima tutakukumbuka, na kila atakayekaa kwenye kiti kile ataulizwa.