Mheshimiwa Ananyonya Getini

Jumatatu, 3 Machi

Mama Mheshimiwa karudi kazini leo. Likizo imekwisha, mtoto hajaisha!

Mheshimiwa ni binti yetu. Jina la cheti analo, ila hapa nyumbani ni Mheshimiwa — kazi hafanyi, mikutanoni analala, akikohoa kidogo tu watu wazima wanakimbia. Miezi minne na tabia zote za ubunge anazo.

Nikamfunga mgongoni, tukaenda kwenye meza yangu ya soksi pale stendi. Spika yangu inaongea yenyewe, nimerekodi sauti yangu: "Soksi! Soksi imara! Mguu wako ni mguu wa mfalme!" Fundi viatu wa meza ya pili alinikagua juu mpaka chini. Kaka, umegeuka mama? Nikamwambia nimegeuka basi, abiria yuko nyuma, nauli hajatoa. Akacheka hadi akajigonga kidole. Wanawake wakasimama kumchekea mtoto, wakaondoka na soksi. Sasa mjinga nani?

Mchana mbio kiwandani. Mama Mheshimiwa anashona kola za mashati. Mtoto chupa anaitema, kikombe anakipiga teke, anataka chake cha asili basi. Mlinzi wa geti tunamwita Kufuli, maana uso wake haufunguki. Leo alitutazama weee. Kisha akafungua kibanda chake, akatoka, akageukia barabara kama anahesabu mawingu. Mama akanyonyesha humo. Kengele ikalia, akarudi mbio huku anafunga vifungo.

Kufuli kumbe ana ufunguo!

Jumatano, 5 Machi

Mkutano wa tawi, nyuma ya karakana ya seremala. Tunakalia mbao za watu.

Napenda chama hiki jamani. Wenzangu wana mpira, mimi nina hiki. Shule niliishia la tano, mwalimu alikuwa akisikia swali langu ananiambia kaa chini. Hapa nauliza nimesimama! Tunataka maji kila mtaa. Mshahara wa kushibisha. Mwanamke na mwanamume sawasawa. Na baraza la mji lenye watu wanaojua bei ya unga. Uchaguzi ni Mei.

Katibu wetu ni mwalimu wa sekondari, ana miwani na maneno marefu kama treni ya mizigo. Leo kasema hakuna jamii huru kama mama hajawa huru. Nikapiga makofi mpaka Mheshimiwa akaruka mgongoni.

Spika ya chama ni yangu, maana chama hakina. Nikabonyeza ili Katibu amalizie — nikabonyeza pabaya. "Mguu wako ni mguu wa mfalme!" Mbele ya makomredi! Watu waliokula kiapo cha kutotaka wafalme! Walicheka hadi ubao mmoja ukawamwaga. Katibu hakucheka. Kamati ya nidhamu, akasema. Nikasema sawa, ila itabidi ikutane saa ambayo mtoto amelala.

Ijumaa, 7 Machi

Kufuli kasema hapana.

Meneja katoa amri. Watoto marufuku getini, marufuku kibandani. Eti kiwanda si kliniki. Kufuli alisema huku anaangalia viatu vyake. Shemeji, mimi nina watoto na nina bosi, unielewe.

Mama akitoka nje haisaidii. Kutoka ni rahisi, kurudi ndani ni kupekuliwa, wasije wakaiba shati — shati la kitu gani unalifichia kwenye titi? Foleni ile mpaka ikufikie, mapumziko yamekwisha na siku yako imekatwa.

Basi akachuchumaa ndani ya geti, mimi nje nimemwinua mtoto, ananyonya katikati ya vyuma. Kama mfungwa kaletewa chakula. Ila hapa mfungwa ndiye mpishi! Nilimwambia hivyo nikidhani atacheka. Hakucheka. Tumekaa hivyo, wapita njia wanapunguza mwendo wapate kuona vizuri.

Mchana ule ule maziwa yakamvujia kwenye kola nyeupe. Msimamizi kamgombeza mbele ya watu.

Nimewaka. Naandika hapa na mkono bado umewaka.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake duniani. Tawi limetengeneza bango. Herufi nzuri, kitambaa kizuri. Wanawake wa tawi wako nyuma wanapika chai, wanaume mbele wanawasifu.

Nikanyoosha mkono. Mheshimiwa mbele kifuani safari hii, anatafuna ukosi wangu. Nikasema, makomredi, tuna jambo. Kiwanda pale, akina mama wananyonyesha katikati ya vyuma. Tudai chumba. Chumba kimoja, kiti, mlango unaofungwa. Tukiweke kwenye madai yetu ya uchaguzi.

Wanaume wa mbele wakamgeukia Katibu.

Katibu akavua miwani. Komredi, hilo ni suala la kifamilia, tusiipunguze ajenda.

Kuipunguza! Nikamuuliza, ajenda ina kipimo gani hata mtoto wa miezi minne haingii? Huko nyuma Dada wa Chai, yule mwenye sauti ya kengele, akapasua kicheko. Katibu akasema muda wangu umekwisha, nikabidhi spika.

Nikasema nakabidhi. Nikajikabidhi mwenyewe. Yangu ile! Nikabeba spika mkono huu, Mheshimiwa mkono huu, nikatoka. Nyuma nikasikia Katibu anaanza kupayuka bila spika, na Dada wa Chai anamjibu hatusikii huku, Mwalimu, sema kwa nguvu, maji yanachemka!

Kadi yangu sirudishi. Chama ni changu pia. Nyumba ina kunguni, unapambana na kunguni, huihami.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa na mpango. Kesho mchana nisimame getini na spika, nimrekodie meneja wimbo wake. Maneno nilikuwa nayo, makali, ya kuchekesha. Nikamsomea Mama Mheshimiwa wakati anakunja nepi.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, na akisema polepole mimi huwa natafuta mlango.

Nani amekutuma?

Nikasema, si haki yenu?

Yetu, ndiyo. Wewe ukimaliza kupiga kelele utarudi kwenye soksi zako. Mimi nitarudi wapi? Unajua wako wangapi nje wanaitaka cherehani yangu? Jana umemsema Katibu anawasemea wanawake wanaochemsha chai. Na wewe unafanya nini sasa hivi, Baba Mheshimiwa?

Nikatafuta utani. Mfukoni hamna. Mtoto mwenyewe kanitazama kama kamati ya nidhamu.

Akasema tena, hili litaamuliwa na wenye maziwa. Una maziwa?

Sina.

Basi beba mtoto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebeba mtoto. Spika nimeacha mezani, fundi viatu ananiuzia, ila hajui kuizima.

Getini leo hatuko peke yetu. Bibi mmoja kaleta mjukuu, binti mmoja kaleta mtoto wa dada yake. Watoto watatu kwenye vyuma. Akina mama wamechuchumaa upande wa ndani, bega kwa bega, wananong'ona. Nikanyamaza. Kunyamaza kunaniumiza tumbo, sitanii.

Kufuli alikuwa anatazama barabara. Lakini sikio lake lilikuwa huku.

Jumatano, 12 Machi

Katibu kaja mezani kwangu! Kavaa koti. Anataka spika, Jumapili kuna mkutano wa hadhara.

Nikamuuliza habari ya chumba. Akakaa kwenye kigoda, akashusha sauti. Komredi, mimi sipingi. Lakini pakitokea vurugu kiwandani sasa hivi, watu watasema chama chetu kinafukuzisha watu kazi. Subira. Baada ya uchaguzi.

Nikamgeuzia mgongo ili aonane na Mheshimiwa uso kwa uso. Mwambie mwenyewe, nikasema. Mwambie njaa yake isubiri Mei.

Akacheka kidogo, akamtekenya shavu, akaanza kweli kumwambia — "Mama, tuvumilie..." — Mheshimiwa akaangua kilio kile cha stendi nzima kugeuka. Kondakta mmoja akapiga kelele, Mwalimu, umemfanya nini mtoto wa watu?

Spika nimempa. Ndiyo, nimempa. Jumapili nitakuwepo, na nitanyoosha mkono tena, na nitanyoosha tena. Atachoka yeye. Mimi nimeshazoea kukatazwa, nilianza darasa la kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Mheshimiwa kaja na wenzake wawili nyumbani baada ya shifti. Wakanituma nje kununua sabuni. Sabuni ipo! Nikaenda, sikuuliza.

Niliporudi wameondoka. Akasema, kesho mlete kama kawaida. Uvae shati safi.

Kuna nini kesho?

Hakuna kitu.

Alikaa akimtazama mtoto kalala. Akasema, wakinifukuza, utanilaumu? Nikasema wakikufukuza nitakufundisha soksi, una sauti mbaya lakini tutarekodi. Hapo ndipo alipocheka. Kicheko chenyewe kifupi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimesimama, daftari nimelibana ukutani mwa kiwanda.

Kengele ya mapumziko ililia, wakatoka. Si watatu. Wote wa upande wa kola, na wa vifungo, na wa kupiga pasi! Wenye watoto na wasio na watoto. Kuna bibi mle ana wajukuu wakubwa kuliko mimi. Wakatoka nje kabisa, wakakaa chini mbele ya geti, miguu wamenyoosha. Mama Mheshimiwa akaja, akamchukua mtoto mikononi mwangu bila neno, akaenda kukaa katikati. Katikati kabisa! Akafungua vifungo polepole.

Kengele ya kurudi imelia. Hakuna aliyeinuka.

Lori la mashati liko ndani, linataka kutoka. Linapiga honi. Kufuli kashika geti, hafungui hafungi.

Meneja katoka. Mfupi, kumbe! Kauliza kiongozi wenu nani. Wakamtazama. Kauliza tena. Yule bibi akasema, mwanangu, huyu mdogo ananyonya, usipige kelele.

Kasema atakayekuwa nje baada ya kengele ya pili asirudi Jumatatu. Akanyoosha kidole kwa mke wangu. Kuanzia wewe.

Halafu akaniona mimi. Wewe, mwanamume! Huyu ni mkeo? Mwambie ainuke!

Wote wakanigeukia. Mdomo wangu huu, unaouza soksi hata kwa mtu wa kandambili. Nilikuwa na maneno kama gunia! Nikamtazama Mama Mheshimiwa. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alingoja tu.

Nikasema, mzee, mimi hapa nimemleta mlaji. Mengine muulize mwenye chakula.

Wanawake wakacheka — si sana. Mmoja wa vifungo analia huku amekaa.

Kengele ya pili. Wameinuka wawili. Wanakung'uta sketi. Hapana — wamesogea kumpisha mwenzao mmoja mjamzito akae. Meneja anapiga simu. Honi. Wapita njia wameanza kujaa.

Mama Mheshimiwa kamtoa mtoto ziwa la kushoto, kampangusa mdomo. Anamgeuza. Anamweka kulia. Hana haraka yoyote.