Nyumba ya Papa Efisio Kule Sardinia

Jumatatu, 3 Juni
Nimefika Sydenham na baridi. Nimemwogesha Papa Efisio, nimempa uji. Miguu imevimba tena. Tunaongea Kifaransa, mimi nilikuja nacho kutoka kwetu, yeye alikipata Ubelgiji, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, kabla ya kuja Durban kufanya kazi ya uashi. Mji wao mdogo uko kwenye kisiwa cha Italia. Wanaume waliondoka karibu wote. Waliobaki wakachunga kondoo. Sasa ni wazee tu.

Jumatano, 5 Juni
Dada yake, Grazia, amepiga simu. Shule ya mji itafungwa, watoto hakuna. Iko familia moja ya Wasenegali, wana watoto watatu, wanatafuta pa kukaa. Grazia anataka wapewe nyumba ya wazazi. Ni ya wote wawili, lazima Papa akubali.
Amekataa. Amekata simu.
Baadaye akanieleza habari za watu wa kwao. Ugomvi wa malisho unarithiwa hadi wajukuu. Lakini mpita njia hatoki mlangoni bila mkate na jibini.
Mkate apewe, kitanda anyimwe. Sielewi.

Ijumaa, 7 Juni
Nina hasira. Nimekumbuka Cato Manor, hapa hapa Durban, mwenye nyumba alivyotutoa na watoto, mvua inanyesha. Alisema mtaa hautaki wageni.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwambia.
"Papa, hao Wasenegali ni mimi."
"Wewe ni mtu wa hapa nyumbani, Mama Neema."
"Kwa sababu ulinifungulia mlango."
Hakula mchana. Kwao, aliwahi kuniambia, mtu akikasirika ananyamaza mwaka mzima. Eish. Nikifukuzwa, kazi nyingine nitaipata wapi? Lakini sijutii.

Jumanne, 11 Juni
Hata salamu hakuna.

Alhamisi, 13 Juni
Ameniomba nimpigie Grazia. Wameongea Kisarda, lugha ya kisiwa chao, sikushika neno. Grazia alilia. Papa alipiga kelele, kisha akacheka. Akanigeukia: "Nimekubali. Shule bila watoto ni ghala."
Nikaenda jikoni. Nimelia kidogo na mimi.

Jumamosi, 29 Juni
Simu ya video. Barabara nyembamba, nyumba za mawe, milango mingi imefungwa. Nyumba ya wazazi wa Papa madirisha yako wazi. Mama wa Kisenegali ametupungia mkono.
Papa ameuliza kama paa linavuja. Linavuja. Akaanza kumweleza baba wa watoto, kwa Kifaransa, pole pole, namna ya kupanga vigae.
Nimewaacha. Nimeanika mashuka.